Biri ya Bwana Jeremia

Itiryo, jioni

Mwanangu Mwita,

Habari za shuka, sufuria na dawa ya homa mama yako amekwisha kukueleza, na dada zako wamezirudia mpaka umechoka. Mimi sitaziandika. Nakuandikia jambo moja ambalo sikuweza kulisema leo mbele ya watu waliokuja kukuaga, wala sitaweza kulisema kesho kando ya lori. Isome barua hii ukiwa peke yako. Usiisome ndani ya gari, kwa maana dereva ni mtu wa Bwana Jeremia, tajiri wako mpya, na dereva hatazami barabara tu.

Huko nje bado wanakula nyama ya mbuzi. Namsikia mjomba wako Chacha akiwasimulia majirani jinsi utakavyorudi kutoka Kisumu umevaa suti. Yeye ndiye aliyekutafutia kazi hii, nami nilimshukuru mbele ya wazee. Kwa Chacha shukrani yangu ilikuwa ya kweli. Kwa Bwana Jeremia sina hakika, na kilichoniondolea hakika ni biri aliyonipa.

Unajua kwamba mtu akinipa zawadi mimi hutazama kwanza mkono wake mwingine. Umenicheka kwa hilo tangu utotoni. Safari hii nakuomba usicheke mpaka umefika mwisho.

Kabla hujazaliwa nilikuwa karani katika machimbo ya dhahabu ya Kewanja. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mholanzi mzee ambaye hakupenda kuvuta peke yake. Jumapili alasiri aliniita barazani kwake, akanipa kiti, jambo ambalo wazungu wengine pale hawakulifanya, akafungua kisanduku cha mbao nyembamba. Ndani zililala biri, yaani zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi, kila moja ikiwa na utepe mdogo kiunoni. Mimi wakati huo nilijua ugoro wa marehemu baba yangu na kiko cha bibi yako, basi. Nilipowashiwa ya kwanza nikaivuta kama vijana wavutavyo sigara, nikaumeza moshi hadi kifuani. Nilitapika nyuma ya ghala la vyuma. Yule mzee aliniletea maji kwa mkono wake.

“Karani,” akaniambia, “hii si uji. Usimeze. Weka mdomoni, sikia, toa nje.”

Niliendelea kwenda. Alinifundisha kuinusa kabla ya kuiwasha, kwenye kichwa kinachowekwa mdomoni na kwenye mguu unaowashwa, kwa sababu jani lina harufu moja likiwa baridi na nyingine likiwa moto. Alinifundisha kungoja njiti ya kiberiti iungue kwanza kile kichwa chake chenye baruti, kisha kuupasha mguu wa biri kwa mbali, nikiuzungusha, moto usiguse jani mpaka ukingo wote umekuwa mwekundu. Alinifundisha kuvuta polepole na kuiacha ipumzike, kwani biri inayovutwa kwa pupa huchemka na kuwa chungu, na mvutaji hudhani ni kosa la tumbaku.

Biri yake ilikuwa laini. Usidhani kwamba laini maana yake ni dhaifu. Mwanzoni ilikuwa na harufu ya nyasi zilizokatwa na kukauka vizuri juani. Baadaye ilikuja ladha kama ya karanga zilizokaangwa bila chumvi, na nyuma yake kitu kama maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu kisafi. Utamu wake haukuwa wa sukari. Ulikuwa utamu wa kitu ambacho hakikukusukuma. Jivu lake lilikuwa jeupe na lilishikamana, halikuanguka mpaka uliguse. Kilichonifunza zaidi ni ile sehemu ya mwisho, karibu na vidole. Mzee yule alisema kwamba mwanzo wa biri hutengenezwa na jani la nje, na jani la nje huchaguliwa kwa uzuri wake. Mwisho ndipo majani ya ndani huzungumza, na huko fundi hana pa kujificha.

Nilimshuku Mholanzi yule kwa muda mrefu. Kila Jumapili nilingoja aniombe kitu: nimwandikie mtu mshahara asiostahili, au nimwambie vibarua wanasema nini juu yake. Aliondoka kurudi kwao bila kuniomba kitu chochote. Hata hilo lilinisumbua kwa miaka mingi.

Hiyo ndiyo tabia yangu, na ilinigharimu. Unakumbuka kwamba ulipokuwa mdogo hamkuwa mkienda kwa akina mama yako. Sababu ilikuwa mimi. Chacha alinialika kwenye pombe, tukakaa wazee na mirija yetu kuzunguka chungu. Desturi unaijua: mwenye pombe hunywa kwanza, wageni waone kwamba chungu ni safi. Siku ile Chacha hakunywa. Alikaa tu, akasema, “Karibuni, shemeji zangu, kunyweni.” Mimi niliuchomoa mrija wangu, nikausimika ardhini mbele ya watu wote, nikaondoka. Unajua tendo hilo linamaanisha nini: kwamba mwenye chungu ametia sumu. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameng'olewa jino asubuhi ile na hakuweza kufyonza kitu. Lakini neno la namna ile likishatoka halirudi kwa sababu ya jino. Bibi yako mzaa mama alikufa katika miaka ile ya ugomvi, na mama yako alikwenda kumzika bila mimi. Mpaka leo hajanilaumu hata mara moja, na ningependa anilaumu.

Sasa unaelewa kwa nini nakaa humu ndani na kalamu badala ya kutoka na kusema. Bwana Jeremia ni mgeni wa Chacha. Nikimshuku hadharani, nitakuwa nimeusimika mrija mara ya pili.

Nikueleze nilichokiona siku alipokuja, kwa sababu ulikuwapo lakini ulikuwa ukitazama viatu vyake.

Aliweka kisanduku juu ya meza, akakifungua kama mtu anayefungua Biblia. “Wazee,” akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo ya mpaka wa Sirari, “hii kitu imetoka mbali na meli. Wazungu wa klabu wananunua kama mkate. Leo nyinyi mnavuta ya bure.”

Jirani yetu Mzee Matiko hakunyoosha mkono. “Bwana mgeni,” akasema, “huku kwetu mwenye chungu hunywa kwanza.”

“Wazee wa Tarime!” Bwana Jeremia akacheka. “Nyinyi hata mama yenu hamwamini.”

“Mama tunamwamini,” Matiko akajibu. “Wewe ndiye hatujui umeoga mto gani.”

Watu walicheka, na Chacha akaona haya. “Matiko, huyu ni mgeni wangu.”

“Ndiyo maana namwuliza kwa upole, Chacha. Angekuwa mgeni wangu ningemnusa.”

Bwana Jeremia hakukasirika. Alisema kwamba hana neno, ataonja. Hapo ndipo nilipomtazama vidole. Biri zilikuwa zimepangwa safu mbili, moja juu ya nyingine, na katikati karatasi. Aliinua karatasi, akaingiza vidole chini, akapapasa, akatoa moja ya safu ya chini. Sisi tuligawiwa za juu. Aliwasha yake, akatoa moshi, na Matiko akapiga paja. “Ameonja! Basi, ni halali yetu.”

Wazee wote waliridhika, Mwita, na hapo ndipo tulipokosea. Chungu cha pombe ni kimoja. Mirija yote inaingia humo, na akinywa mwenyewe ametunywea sote. Kisanduku cha biri si chungu. Kila biri ni chungu chake, kimefungwa peke yake, na mtu anaweza kuonja kimoja mbele yako, kwa moyo mweupe kabisa machoni pa watu, bila kukuonyesha lolote juu ya kile alichokupa. Tulitumia desturi nzuri mahali ambapo haikuwa na meno.

Matiko aliumeza moshi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akasema dunia imeharibika. Mzee Nyamhanga aliivunjavunja yake papo hapo apate kuitwanga na magadi iwe ugoro. Mimi niliiwasha yangu jinsi nilivyofundishwa, nikaivuta polepole. Mwanzoni nilifurahi, sitakuficha. Nyasi kavu, ulaini, hata karanga kwa mbali. Nilikumbuka baraza la Kewanja. Nikadhani nimemdhulumu mtu.

Kisha, ilipofika katikati, harufu ikageuka. Ulikuja moshi wa kuni. Sisemi ukali wala uchungu wa tumbaku ya kawaida. Nasema kuni, ile harufu inayokaa kwenye blanketi la mtu anayelala jikoni. Tumbaku ya biri nzuri hukaushwa kwa upepo, kivulini, taratibu. Ile inayoanikwa juu ya moto wa kuni, kama wafanyavyo huko kusini, ni ya viko na ugoro. Si mbaya kwa kazi yake, ila ikishalala juu ya moto haiachi harufu ile kamwe, na hakuna fundi wa biri laini anayeiingiza humo isipokuwa yule anayetaka kujaza tumbo la biri kwa bei ya chini. Wakati huohuo, moshi wa Bwana Jeremia ulikuwa ukinifikia kutoka upande wa pili wa meza. Wake ulikuwa bado nyasi na karanga. Utepe ni ule ule, kisanduku ni kile kile.

“Mzee,” akaniuliza, “unaonaje? Wewe unajua hii mambo.”

“Bado naivuta,” nikamjibu.

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akageukia wazee, akasema lile neno lililowafanya wote wapige makofi: kwamba hutakuwa mtumishi tu, utakaa katika duka lake la biri kule Kisumu kama mwenyewe, na jina lako litaandikwa juu ya mlango. Nilikuona ulivyotabasamu. Mama yako alilia kwa furaha. Mimi nilijiuliza kwa nini mtu mwenye mali, mwenye kwao Kisumu, mwenye ndugu na watoto wa ndugu, aandike juu ya mlango wake jina la kijana wa Itiryo aliyemjua kwa wiki mbili. Kama ndani ya duka kuna biri za namna mbili, na siku moja mzungu wa klabu akavuta mpaka mwisho na kusikia kuni, askari watakuja kusoma jina lililo juu ya mlango. Wewe ni mgeni katika nchi ile. Hakuna shangazi wala mjomba atakayekuja kukusemea.

Alipoondoka, bibi yako aliomba kipande kilichobaki. Alikikatakata, akakitia katika kiko chake, akavuta mara moja, akakitoa kiko mdomoni na kukitazama.

“Mgeni wenu ametoka safari yote hiyo kuniletea moshi wa jiko langu mwenyewe,” akasema.

“Una hakika, mama?”

“Tumbaku hii imelala juu ya moto. Mimi nimekaa na moto tangu nilipoolewa. Utaniuliza hakika?”

Ungedhani hapo nilipata shahidi. Lakini nilimtazama mama yangu, nikamshuku na yeye. Tangu aliposikia habari za Kisumu hajala vizuri. Angeambiwa kwamba lori lenyewe limetengenezwa kwa mifupa angekubali, mradi usilipande. Nami nikaona kwamba, nikimshuku yeye kwa sababu hiyo, ni lazima nijishuku mwenyewe. Nimekuwa nikilala macho tangu Chacha alipoleta habari. Nimekuzoea, Mwita. Nimezoea kikohozi chako cha asubuhi na namna unavyolifunga vibaya zizi la ng'ombe ili nikuite. Je, ulimi wangu ulionja tumbaku, au ulionja kuondoka kwako? Nimelipindua swali hili mara nyingi, na sijapata jibu. Mlevi hawezi kupima pombe, na baba ambaye hataki mwanawe aondoke hawezi kupima biri ya anayemchukua.

Inawezekana pia kwamba Bwana Jeremia mwenyewe ametapeliwa na wale wanaomwuzia, na kwamba vidole vyake viliingia safu ya chini kwa mazoea tu. Jino la Chacha limenifundisha kwamba mambo ya namna hiyo hutokea. Ndiyo maana sikuzuii. Umemaliza shule, ukakaa mwaka mzima ukichunga ng'ombe wakati wenzako wakipata kazi, na sikukusikia ukinung'unika. Ningekuzuia kwa sababu ya harufu niliyoisikia katika biri moja, na ikawa nimekosea, ungezeeka hapa ukinitazama kama mama yako anavyonitazama siku za mazishi.

Basi hukumu hii nakuachia wewe, kwa kuwa wewe ndiye pekee humu ambaye hana woga wa kuondoka kwako. Ukifika, fanya kazi kwa heshima na usiulize maswali. Subiri siku utakapoachwa peke yako na visanduku. Chukua moja ya juu, wala usijifiche, mwambie kwamba unataka kuijua bidhaa unayoiuza. Iwashe kama nilivyoandika. Usimeze moshi. Ulaini wa mwanzo usikushawishi, kwani huo ni wa jani la nje. Vuta mpaka vidole vione joto. Kisha fanya hivyohivyo kwa moja ya chini. Kama zote mbili ni safi mpaka mwisho, niandikie neno hilo tu, nami nitapanda gari nije Kisumu nimwombe Bwana Jeremia msamaha mbele ya watu wake, na mbele ya Chacha pia. Nitafanya hivyo kwa furaha kubwa kuliko unavyodhani.

Kama moja ina kuni, usimwulize. Usimtishe, usimshauri, usijidai kwamba unajua. Usikubali jina lako liandikwe. Sema baba yako ni mgonjwa, panda gari lolote linalokuja Sirari, na urudi. Hapa hakuna atakayekuuliza kwa nini. Chacha nitamweleza mimi, na safari hii nitamweleza nikiwa nimekaa chini, nikinywa pombe yake.

Na kama jina limekwisha kuandikwa kabla hujapata nafasi ya kuonja, basi umekwisha kupata jibu, kwa maana mtu mwenye biri safi hana haraka ya kutafuta jina.

Kesho nitakuwa barabarani kukuaga. Utaniona nikimsalimu Bwana Jeremia kwa mikono miwili na kucheka mizaha yake. Bila shaka atanipa biri nyingine, naye atanitazama machoni ninapoivuta, kwa kuwa hakusahau kwamba sikumjibu. Nikinuna, ataelewa kwamba najua, naye atakuchunga kama ng'ombe wa wizi, na hutapata siku hata moja ya kuwa peke yako na visanduku vile. Kwa hiyo nitaivuta pale pale mbele ya watu wote, nitafumba macho kama mzee wa shamba asiyewahi kuonja kitu, na nitasema kwa sauti kwamba ni tamu. Hujawahi kunisikia nikisema uongo. Kesho utanisikia. Tafadhali usinitazame usoni wakati huo, panda lori.

Baba yako